Njia Tuliyoichonga Kilimani

Nilipofika Johannesburg, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, shemeji zangu walinifundisha mambo mawili kabla sijafungua hata sanduku. La kwanza, gari likisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, vioo viwe vimepandishwa. La pili, hapa mtu hatembei kwa miguu bila sababu. Anayetembea anakwenda kazini, dukani au kanisani, na anakwenda haraka.

Mimi nimezaliwa Morogoro. Nyumba yetu ilikuwa upande wa mlimani, na tangu utotoni kutembea kwangu hakukuhitaji sababu. Ukimaliza kazi za nyumbani unapanda kidogo, unachungulia mto, unarudi. Mume wangu, aliyekuja kwetu akiwa kijana mkimbizi wa siasa na kukaa miaka mingi pamoja na wenzake wa Afrika Kusini, alinichumbia kwenye njia hizo hizo. Kwa hiyo tuliposimama jikoni kwenye nyumba yetu ya Troyeville, akaniambia kwamba kile kilima kinachoonekana dirishani hakipandwi, nilimtazama usoni nione kama anatania.

"Kwa nini hakipandwi?"

"Kuna wahuni."

"Umewaona?"

"Hakuna haja ya kuwaona," alisema, akaendelea kufunga bomba lililokuwa linavuja.

Nilimtii kwa miaka kadhaa. Nilizaa binti yetu, nikapata kazi kwenye shule ya chekechea kule Bertrams, nikajifunza kusema "eish" nikishangaa na "sharp" nikikubali, kama watu wengine. Lakini kila nilipoosha vyombo kilima kilikuwa pale. Kilikuwa cha mawe makubwa ya kijivu, na nyasi zilizogeuka rangi ya ngozi ya simba kila msimu wa baridi. Upande mmoja mikaratusi ilikuwa imejipandia yenyewe ikawa msitu. Manispaa ilikiita bustani ya asili. Kibao kilikuwepo, kimepinda, na nyuma yake hapakuwa na njia yoyote ya kuingilia.

Kilichonitoa jikoni ni kisukari cha mama mkwe. Baba mkwe alipofariki, mama alihama Soweto akaja kuishi nasi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na aliniita makoti, yaani bibi harusi wa nyumba, hata baada ya bibi harusi huyo kuota mvi. Tulizungumza kwa Kizulu changu kilichovunjika na Kiingereza chake kilichonyooka, na tulielewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua wanaosema lugha moja. Daktari alimwambia atembee kila siku. Mama akamuuliza atembee kwenda wapi. Daktari akasema popote, mradi atembee. Tulipotoka nje akaniambia, "Huyu ana shahada ngapi? Mtu anatembea popote?"

Tulianzia kwenye bustani kubwa ya upande wa Kensington, yenye kidimbwi na bata. Nilidhani ningempeleka kama mgeni. Kumbe nilikuwa mimi mgeni. Mama alikwenda moja kwa moja, kushoto penye mtende mfupi wa mapambo, kulia penye ngazi za mawe, akanionyesha mahali penye kivuli cha asubuhi na mahali penye kivuli cha mchana.

"Ulifanya kazi hapa?"

"Nilifanya kazi nyumba ya pale juu. Wakati ule kila Mwafrika alibeba pasi mfukoni, kitambulisho cha ruhusa ya kuwa mjini. Pasi yangu ya kuingilia bustani hii ilikuwa mtoto wa Kizungu kwenye kigari." Akacheka mpaka akasimama kupumua. "Mtoto akilala vizuri, nilizunguka mara nyingi. Nilikuwa napenda sana. Sikumwambia mtu."

Tulizunguka bustani ile miezi na miezi, mpaka sukari yake ikashuka na daktari akajisifu. Mama alianza kuchoka na bata. Asubuhi moja ya Jumamosi, tukiwa tunarudi, alisimama chini ya kilima chetu akakitazama kuanzia chini mpaka juu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Makoti, kule juu kuna nini?"

"Mwanao anasema wahuni."

"Mwanangu aliondoka nchi hii akiwa na miaka kumi na saba. Anajua nini?"

Tukapanda. Hapakuwa na njia, kwa hiyo tulifuata mfereji wa maji ya mvua, mimi mbele nikisukuma vichaka, yeye nyuma akishika sketi yake iliyonaswa na miiba kila hatua. Tulifika nusu tu. Lakini nusu ile ilitosha. Jiji lote lilikuwa chini yetu: mnara mrefu wa Hillbrow, jengo la mviringo la Berea, na kusini vile vilima vya manjano vya udongo wa machimbo. Pimbi wawili walikuwa wanaota jua kwenye jiwe. Kisha, kutoka nyuma ya mwamba uliokuwa juu yetu, nikasikia Kiswahili.

Niliganda. Sikuwa nimesikia Kiswahili cha watu wengi kwa pamoja, cha sauti ya juu, tangu niondoke nyumbani. Wanawake walikuwa wanaomba. Hakikuwa Kiswahili cha Morogoro, kilikuwa cha Kongo, chenye maneno yaliyokunjwa kwa namna yake, lakini nilielewa kila walichomwomba Mungu: makaratasi ya ukimbizi, mtoto aliyebaki Bukavu, mume apate kazi ya ulinzi. Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama kwenye mfereji. Mama alinipa kitambaa chake cha kichwa nijifute.

Walipomaliza, mmoja wao alitoka nyuma ya mwamba akatuona. Alikuwa mwembamba, peku, amejifunga kitenge cha kijani. Nilimsalimu kwa Kiswahili, naye akafunika mdomo kwa mikono miwili.

"Mama! Unatoka wapi na hii Kiswahili ya redio?"

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu fundi cherehani wangu. Alikaa Joubert Park, ghorofa ya juu, na alikuwa kiongozi wa kikundi kidogo cha maombi. Nilimuuliza kwa nini wanatoka kote huko kuja kuombea kwenye mawe ya Troyeville. "Mu flat tukiimba, jirani banapiga ku ukuta," alisema. "Hapa mawe haipigi."

Kuanzia siku hiyo Jumamosi zetu zilibadilika. Mimi na mama tulipanda mpaka kwenye mwamba wao, wao walikuwa pale juu, na maombi yakiisha tulikaa pamoja. Binti yetu, ambaye nyumbani nilimsemesha Kiswahili naye akanijibu Kiingereza, alianza kuja akafuata watoto wa wale wanawake. Siku moja aliingia jikoni akajitupa kwenye kiti akasema, "Mama, minachoka." Nilisubiri miaka saba mtoto anijibu kwa Kiswahili, na alipojibu, alijibu kama mtu wa Kivu. Mume wangu alicheka wiki nzima. Mimi sikumsahihisha.

Sikatai kwamba wahuni walikuwepo. Mwanamke mmoja wa kikundi aliporwa simu karibu na kibao kilichopinda, saa za jioni. Tangu hapo tulipanda asubuhi tu, na hakuna aliyepanda peke yake. Lakini hatukuacha.

Halafu kilima kikaungua. Ilikuwa Agosti, nyasi zimekauka kama karatasi, upepo unavuma. Tuliona moshi mchana, na kufikia jioni upande mzima wa mashariki ulikuwa mweusi. Nyumba hazikuguswa. Nani aliuwasha moto, hakuna aliyejua wala hajajulikana mpaka leo. Lakini penye mwamba wa maombi palikutwa mabaki ya mishumaa, na hiyo ikatosha kwa watu wengi.

Kulikuwa na chama kidogo cha wakazi waliojitolea kutunza kilima. Mwenyekiti wao alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu wa biolojia, mkavu, mwenye miguu ya mwanariadha na msumeno wa kukunja mfukoni. Kwa miaka alikuwa anakata mikaratusi peke yake ili nyasi na mishubiri ya asili irudi. Moto ule uliteketeza kazi yake ya muda mrefu. Aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, na karatasi ya mwaliko ilitupwa hata kwenye sanduku letu la barua. Hoja ilikuwa moja: kuweka uzio kuzunguka kilima chote, na geti lenye kufuli.

Ukumbi ulijaa. Mzee mmoja wa Kireno mwenye duka la mikate alisema watu wa nje hawana heshima na mali za watu. Mwingine akasema wale wanaoomba ni wachawi wa mishumaa. Mwenyekiti alimkatiza. "Moto hauna dini," alisema. "Mimi sitaki kusikia habari za uchawi. Nataka kujua kilima kitalindwaje."

Nilikuwa napanga maneno yangu kichwani, kwa Kiingereza, niyaweke sawa. Kabla sijamaliza, kiti cha pembeni yangu kililia na mama mkwe akawa amesimama.

"Mnataka kuweka geti," alisema. "Sawa. Nina swali. Ufunguo atakaa nao nani?"

Mzee wa mikate akasema unaweza kukaa dukani kwake. Mama mmoja wa mtaa wa juu akasema hapana, duka linafungwa Jumapili, afadhali ukae kwake. Mwingine akasema kila mkazi apewe wake. Wapangaji je? Wenye nyumba tu. Wapangaji wakaanza kulalamika.

Mama aliwaacha wakazozana, kisha akapandisha sauti ile ya kwaya. "Nauliza kwa sababu mimi nina kisukari na daktari ameniamuru nitembee. Mimi naamka mapema sana. Yeyote atakayekaa na ufunguo, nitampigia simu kila alfajiri aje anifungulie. Kila alfajiri. Na sitasahau."

Wakacheka, hata mwenyekiti. Kicheko hicho ndicho kilichovunja hoja ya uzio, kuliko hotuba yoyote. Ukumbi ulipotulia, mwenyekiti akasema kama si uzio, basi iwepo njia moja rasmi ya kupandia, watu wasikanyage kila mahali, na pawe na makubaliano: hakuna moto wa aina yoyote mpaka mvua za kwanza zinyeshe. Akauliza nani atazungumza na wale wanaoomba. Hapakuwa na haja ya kupiga kura. Vichwa vyote viligeuka kwangu.

Nilipanda Jumamosi iliyofuata nikiwa na uhakika wa asilimia mia. Nilimkuta fundi amekaa juu ya mwamba, wenzake wakikusanya majamvi. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Juzi mutu moja alitupigia kelele hapo chini. Alisema tuende kuchoma kwetu. Mama, kule kwetu balitufukuza. Mu flat banatufukuza. Sasa na ku jiwe? Hapana. Tumepata kilima ingine, ng'ambo ile ya Yeoville. Kazi ya njia, bafanye bao wenyewe."

"Lakini njia hii ni yenu pia."

"Njia ya mutu ni ile anapita bila kutukanwa," alisema, akajitwika jamvi lake akashuka.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimsimulia, naye akaendelea kuchambua mpaka bakuli likajaa.

"Ulimfuata kwenye jiwe lake, siku aliyokasirika," alisema. "Mtu aliyekasirika unamfuata nyumbani kwake. Unakaa. Unakunywa chai yake. Kesho tunakwenda."

Hii haikuwa safari ndogo. Mama alikuwa anaiogopa Joubert Park kama watu wengine walivyokiogopa kilima. Lakini kesho yake alivaa kofia ya kanisani, akabeba bakuli la magwinya, yale maandazi makubwa ya kwao yasiyo na iliki, tukapanda teksi. Lifti ya jengo lile haikuwa inafanya kazi. Tulipanda ngazi tukipumzika kila ghorofa, watoto wakitupita mbio, na katika kila ghorofa mama alisema, "Kumbe kilima chenu kiko huku."

Fundi alifungua mlango futi ya kupimia ikiwa shingoni, akatupisha. Chumba kiligawanywa kwa mapazia na kila pazia lilikuwa na familia yake. Cherehani ilikuwa dirishani, penye mwanga. Alimkalisha mama kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha kufanyia kazi, kwa sababu kilikuwa ndicho kizuri, akatuma mtu maziwa. Tulikunywa chai. Mama alikula, akauliza habari za watoto wa kila pazia, akasifu mshono wa gauni lililotundikwa ukutani. Habari za kilima hakuzitaja kabisa. Nilikuwa natafsiri huku na huku, nikisubiri aanze, haanzi.

Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwambie nataka anishonee suruali."

Nilidhani sikusikia. Mama alikuwa mwanamke wa umoja wa akina mama kanisani. Alivaa sketi shambani, sketi safarini, karibu hata kitandani sketi. "Suruali, mama?"

"Umeziba masikio? Miiba ya kule juu imenimalizia sketi zangu. Mwambie suruali, ya kitambaa kile cha kwao chenye maua, na iwe pana, sitaki kuchekwa na pimbi."

Nikatafsiri. Fundi alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akaanza kucheka kicheko kisicho na sauti, mabega yanatetemeka. Nyuma ya pazia watu wengine nao wakacheka. Akamsimamisha mama akampima, kiuno, paja, urefu, akizungumza naye kwa Kiswahili kana kwamba mama anakielewa, na mama akimjibu kwa Kizulu. Sikutafsiri kitu. Hawakunihitaji.

Alipomaliza, fundi alisema suruali itakuwa tayari katikati ya wiki, tuje kuichukua.

"Hapana," alisema mama, akitazama mlango na ngazi zilizokuwa nje yake. "Mimi na ngazi hizi tumemalizana. Mwambie aniletee kilimani. Jumamosi. Tutakuwa pale tunachonga njia."

Fundi alikunja futi yake polepole, akaikunja tena. "Huyu mama yako," aliniambia mwishowe, "eko na akili mbaya."

Jumamosi ile tulikusanyika chini penye kile kibao, watu wa chama, mzee wa mikate, mume wangu na sururu aliyoazima, binti yetu. Mwenyekiti alikuwa ameweka vijiti vyenye utepe mwekundu kuonyesha njia itakapopita. Saa zilikwenda. Mama alikaa kwenye kiti cha kukunja, ametazama barabara. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa nilipowaona wakikunja kona. Walikuja wanawake wote wa maombi, pamoja na wawili wa waume zao waliotoka lindoni asubuhi ile na sare zao bado mwilini. Mbele alikuwa fundi, amebeba mfuko.

Mama aliingia nyumbani kwa jirani akabadili nguo. Alipotoka, suruali ya kitenge, ya njano na zambarau, ilimkaa kama imemwagwa juu yake. Mume wangu alisema, "Mama!" kwa sauti ya mtoto. Mama alimpita bila kumjibu, akaenda mpaka kwa mwenyekiti, akageuka upande wa kulia, akageuka wa kushoto. Yule bibi mkavu alimkagua kwa makini ya mwalimu. "Nami nataka moja," alisema. Nikamtafsiria fundi, na fundi hapo hapo akatoa futi mfukoni.

Haikuwa kazi ya siku moja. Tulifanya kazi Jumamosi nyingi, tukachimba, tukapanga mawe yawe vidato pale penye mteremko mkali, tukakata mikaratusi na kutumia magogo yake kuzuia udongo. Tuligombana pia. Vijiti vya mwenyekiti vilipita katikati ya mahali pa maombi, kwa sababu ndipo palipokuwa rahisi. Fundi alisimama juu ya mwamba akasema hapa watu wanavua viatu, mbwa wa watu hawezi kupita katikati yao. Mwenyekiti akasema kuzunguka chini ya mwamba kutaharibu mishubiri aliyoiotesha baada ya moto. Nilitafsiri hasira za pande zote mbili mpaka koo likanikauka. Mwishowe walishuka wawili peke yao kutazama, bila mimi, na walirudi wamekubaliana kwa vidole: njia ipinde chini ya mwamba, mishubiri ihamishwe juu yake. Siku hiyo hiyo waliihamisha, wameinama bega kwa bega, fundi akichimba, mwenyekiti akishikilia mizizi.

Kuhusu mishumaa, fundi hakubishana. "Mungu anaona mchana," alisema. "Mushumaa ilikuwa ya sisi."

Mvua za kwanza zilipokuja tulikuwa na wasiwasi kwamba vidato vitasombwa. Nilipanda asubuhi baada ya dhoruba ya kwanza, mimi na mume wangu. Kidato kimoja tu kilikuwa kimelegea. Alikirudishia udongo kwa mguu wake, akasimama akatazama jiji, kwa muda mrefu. "Nimezaliwa hapa," alisema, "na sijawahi kuiona kutoka juu." Nilimshika mkono. Sikumkumbusha habari za wahuni.

Njia ile ilipata watu wake. Walinzi wanaotoka zamu walipita pale kufupisha safari ya kwenda Kensington. Walimu walileta wanafunzi. Wachezaji mpira walipandisha mbio wakitapika. Akina mama wenye kisukari walianza kumfuata mama mkwe, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao, sitaki kusema wote, waliishia kwa fundi kushonewa suruali. Fundi alihamishia cherehani yake kwenye chumba cha nyuma cha duka la mzee wa mikate, karibu na kilima.

Baadaye mwenyekiti alituambia kwamba kilima kile ni mlango tu. Mji ukiisha, alisema, kuna njia nyingine za kutembea, mbali huko kusini, zinazopita kwenye mashamba ya watu na vilima visivyo na nyumba hata moja. Tulichanga tukakodi kombi. Barabara ilipita machimbo, maghala, vibanda vya mabati, kisha ghafla mahindi, mahindi, mahindi. Wanawake wa Kongo wakaanza kuimba.

Njia yenyewe ilianzia kwenye lango la shamba, ikafuata kijito, ikavuka uzio kwa ngazi ndogo za mbao zilizowekwa kwa ajili ya watembeaji. Mama alipandishwa ngazi hizo na watu watatu, akitoa amri kutoka juu. Ng'ombe walitutazama. Kanga walikimbia mbele yetu kwenye vumbi. Ukingoni mwa shamba la mahindi, mama alisimama, akainama kwa shida, akachuma jani.

"Imifino," alisema.

Fundi akainama pembeni yake. "Lengalenga!"

Nami nilikuwa nimeshaona. Ilikuwa mchicha pori, ule ule wa kando ya mashamba ya kwetu, umesimama hapo umejaa, hauna mwenyewe. Mwenyekiti akatuambia jina lake la Kilatini na kwamba unaliwa, ingawa yeye hajawahi kuujaribu. Tukamwona mwenye shamba anakuja na gari lake la mzigo, kofia imeshuka machoni, na kwa sekunde chache kila mmoja wetu aliusimamisha mkono. Mwenyekiti alikwenda kumsalimu kwa Kiafrikana. Yule bwana alitazama suruali zetu za maua, akatazama majani mikononi mwetu.

"Hayo ni magugu," alisema. "Chukueni yote. Mtanipunguzia dawa."

Tulichukua. Tulivua kofia, vitenge, sweta, tukajaza kila kitu. Kombi ilirudi mjini inanuka majani mabichi, na nusu ya watu walilala wamekumbatia mafurushi.

Jioni ile jikoni kwangu palikuwa na masufuria matatu. Katika langu niliweka karanga na nazi ya unga. Fundi aliweka mawese aliyoyaagiza kutoka Yeoville. Mama aliweka chumvi na unga wa mahindi kidogo, basi, akasema wengine tunaficha mboga kwa sababu hatuiamini. Mwenyekiti alikula sahani tatu akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miguu imenyooshwa, viatu kavua. Mume wangu, mtu mwenye busara, alichota kijiko kutoka kila sufuria na alipoulizwa lipi limeshinda akasema ana simu ya kupiga.

Mama alikuwa anatafuta chumvi zaidi. Fundi, bila kuambiwa ilipo, alimpa.